Shubiri Moja ya Sebule

Juni 30
Daktari amenipa daftari hili niandike presha yangu asubuhi na jioni, basi. "Namba tu, Bi Nazzarena," akasema, na macho kanitolea. Lakini nimekaa miaka thelathini na minne nyuma ya dirisha la posta hapa Ascoli, na sijawahi kumpa mtu stempu bila neno la kuisindikiza. Nitaandika namba, mengine yatafuata yenyewe.

Asubuhi: 150 kwa 90. Jioni sikupima, nilikuwa natandika kitanda cha mgeni. Kesho anakuja mwanafunzi wa shule ya kiangazi, ile inayowafundisha wageni lugha yetu, mila zetu na majengo yetu kwa miezi miwili. Mwaka jana waliniletea kijana wa Denmark aliyekunywa maziwa juu ya samaki. Mwaka huu nimewaambia: nataka mwanamke, mtu mzima, anayekula.

Julai 1
Amefika. Anaitwa Haein, Mkorea wa Busan, miaka thelathini na minane. Kazi yake kutengeneza meno ya bandia. Miaka kumi na mitano ameinamia meno ya watu asiowajua, sasa ameomba likizo ndefu aje kusoma majengo, kwa sababu, anasema, anataka kutazama kitu kikubwa kuliko jino. Anaongea lugha yetu polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayepanga mayai.

Tulipokaa mezani akainua macho darini: "Bi Nazzarena, huyu mama wa juu, miguu yake iko wapi?"

"Kwa mwizi," nikamwambia. "Kula, tambi zinapoa."

Amekula sahani mbili. Atanifaa.

Julai 2
140 kwa 85. Joto.

Julai 4
Ameuliza tena habari za miguu. Nikaona afadhali asikie kwangu kabla hajasikia kwa Quinto kinyozi, ambaye huongeza chumvi.

Baba alipofariki, nyumba hii ilibaki yetu wawili, mimi na mdogo wangu Emidio. Ina sebule moja kubwa, dari lake kuba, na kwenye kuba mchoraji wa zamani amemlaza mwanamke mwenye miganda ya ngano, ndiye Kiangazi. Kukaa pamoja hatukuweza, maana mimi na mke wa Emidio, Mungu amrehemu, tulikuwa paka na panya. Tukakubaliana ukuta ujengwe katikati ya sebule, nusu kwa nusu, na hati ikaandikwa: mita tatu na sentimita sitini kila upande. Mwashi akaja, akafunga uzi. Ilipofika saa saba akaenda kula, na hapa kwetu hata nyumba ikiwaka moto mwashi atamaliza tambi zake kwanza. Mimi nikapita na sufuria. Nikamwona Emidio, kwa macho yangu haya mawili, amechuchumaa, msumari mkononi, anausogeza ule uzi.

Ukuta ukapanda. Kichwa cha mwanamke na mikono yake vikabaki kwangu, miguu ikaenda kwake. Na kitovu je? Kitovu kikabaki kwake, shubiri moja ng'ambo ya ukuta. Sasa kitovu si ndicho katikati ya mtu? Na mtu yule si amechorwa katikati ya dari? Basi hesabu haihitaji shule: mdogo wangu wa damu aliniibia shubiri moja ya sebule. Nilimwambia mwashi, nikamwambia padri, nikamwambia kila aliyekuja posta kutuma kifurushi. Mji mzima unamwita Emidio "Shubiri" mpaka leo. Jina nililitunga mimi, na ni jina zuri.

Miaka kumi na tisa hatusemeshani. Ngazi ni moja. Tukipishana, mimi hutazama ukuta, yeye viatu.

Haein alisikiliza yote. "Shubiri ni sentimita ngapi?" Nikamtandazia kiganja. Akatoa rula mfukoni (anatembea na rula!) akanipima kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho. "Ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili za dhambi," nikasema.

Julai 8
145 kwa 90. Feni imekufa. Fundi wa feni amekwenda baharini.

Julai 12
Mwalimu wao, Ruggero, amewapa kazi ya mwisho. Kila mmoja achague nyumba ya mji wa zamani, aipime, aichore, na mwisho wa Agosti aieleze kwa lugha yetu mbele ya watu wa mji, uani kwa shule.

"Nimechagua nyumba hii," Haein akasema.

"Umechagua vizuri."

"Yote. Na upande wa miguu."

"Ng'o! Kwa yule huendi."

Akaweka uma chini. Huyu mtoto wa watu hapandishi sauti kamwe, na hiyo ndiyo hatari yake. "Bi Nazzarena, siwezi kutengeneza meno ya juu bila kuona ya chini."

Nikamwambia afanye atakavyo, lakini asithubutu kunipelekea salamu.

Julai 13
Amekaa kwa Emidio saa mbili nzima. Sikutega sikio. Nilikuwa nafuta vumbi ukutani, na ukuta wetu una vumbi jingi sana mahali pale penye usawa wa sikio. Nikamsikia Emidio akicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba hucheka kwa kuanzia puani.

Aliporudi nikamuuliza kama shule imeendelea vizuri, sikuuliza lingine. Akasema mwenyewe: "Mguu wa kushoto una vidole sita."

Loo! Nilijua. Tulikuwa watoto, tukilala chali sakafuni mchana wa joto kama huu, Emidio na mimi, tukihesabu vidole vya yule mwanamke. Yeye ndiye aligundua. Alikuwa na miaka mitano, alijua kuhesabu mpaka sita tu, akadhani mchoraji alimfuata yeye. Nilicheka mpaka Haein akaniletea maji.

Julai 18
170 kwa 100. Daktari akiona atanifunga kamba.

Haein amesema Emidio anafunga vitu kwenye maboksi. Anauza upande wake. Mnunuzi ni mtu wa Bologna anayetaka vyumba vya kukodisha watalii, na kwa ajili ya mitambo ya baridi ataweka dari la chini, la mbao za jasi, nyeupe tupu. Miguu itafunikwa. Emidio atahamia Turin kwa binti yake, Loredana. Watatia saini kwa wakili wa hati Agosti 29.

"Vizuri," nikamwambia Haein. "Aende. Nitapumua."

Sijapumua tangu mchana.

Julai 19
Nimemuuliza Haein kama Turin ni mbali. Amepima ramani kwa rula. Ni mbali.

Julai 21
Leo nimemfundisha zeituni. Unachukua zeituni kubwa mbichi iliyolala kwenye maji ya chumvi, unaizungushia kisu mpaka nyama yake itoke kwenye mbegu kwa ukanda mmoja usiokatika, halafu unaikunja upya juu ya kitonge cha nyama ya kusaga, unga, yai, chenga za mkate, mafuta ya moto. Mimi ilinichukua miaka mitatu kuacha kukata ukanda. Mke wa Emidio hakuweza mpaka anakufa, alikuwa anabandika vipande kama anaziba pancha. Haein kaweza mara ya kwanza. Mara ya kwanza! Ameshika zeituni kama gego la mtu tajiri. Nilimwonea wivu na fahari kwa pamoja.

Tulikaanga themanini. Kumi na mbili zikatoka mlangoni kwenye kisahani, na mimi wakati huo nilikuwa nimeinama kutafuta kitu chini ya sinki, kwa hiyo sikuona.

Kisahani kimerudi kimeoshwa, na kikaratasi: "Chumvi imezidi."

Mwandiko wake uleule, herufi zimeinama kama zinapanda mlima. Chumvi imezidi! Kazila zote kumi na mbili, halafu anatoa hukumu.

Julai 22
Nimepunguza chumvi.

Julai 26
140 kwa 90. Haein yuko juu ya ngazi ya kukunja tangu asubuhi, tepu ya kupimia mdomoni. Nampikia, anasahau kula. Nimemtishia kwamba atarudi Busan mifupa mitupu.

Julai 30
Nimepima mara mbili, 175, halafu nimeitupa mashine kitandani.

Alasiri Haein alitandaza karatasi kubwa mezani, chumba changu na cha Emidio pamoja, sebule nzima kama ilivyokuwa. Mwanamke amerudi kuwa mzima, kichwa mpaka vidole sita. Nilifurahi kabla sijajua.

"Bi Nazzarena, kaa."

"Nimekaa."

"Kaa vizuri zaidi."

Akaniwekea kidole kwenye mchoro. Upande wangu, kutoka ukuta wa nje mpaka ukuta wa kati: mita tatu na sentimita sabini na moja. Upande wa Emidio: tatu na arobaini na tisa.

Nikamwambia amekosea. Akasema amepima mara nne. Nikamwambia apime ya tano, na nikashika ncha ya tepu mwenyewe. Tatu, sabini na moja. Nikamwambia tepu ya shule ni mbovu. Akatoa rula yake, ile ya meno, akapiga magoti na kupima sakafu yote kwa rula, kidogo kidogo, mimi nikimfuata kwa magoti kama tunafanya toba. Tatu, sabini na moja.

"Na kitovu?" nikauliza. "Kitovu kiko kwake!"

"Kitovu hakiko katikati," akasema. "Mlango mkubwa wa zamani uko upande wa kaka yako. Mtu akiingia pale na kuinua macho, sehemu ya mbali huonekana fupi. Mchoraji alijua. Alimsogeza huyu mama kuelekea mlangoni, ili mgeni akiingia amwone yuko katikati. Mwalimu Ruggero ametufundisha hivyo wiki ya pili."

"Kwa hiyo…"

"Alichorwa kwa ajili ya mgeni. Si kwa ajili ya kugawana."

Nikafanya hesabu. Sabini na moja kutoa arobaini na tisa. Nikairudia kwa vidole. Ishirini na mbili. Shubiri kamili, kiganja changu chenyewe, na ninayo mimi.

Julai 31
Sikutoka nje. Nimemwambia Haein naumwa tumbo. Ameniletea uji wa mchele bila kuuliza.

Agosti 2
Leo nimefanya jambo la aibu, naliandika ili lisinikae kifuani. Nilimwomba Haein aandike tatu na sitini kila upande. Kama hati inavyosema. Nani ataona? Emidio anaondoka, ukuta hausemi, na mimi ni mwanamke wa miaka sabini mwenye presha.

Akaweka penseli chini. "Jino likizidi unywele mmoja, mwenye jino hawezi kula. Ataumia kila siku na hatajua kwa nini." Kisha akaendelea kuchora.

Nilimkasirikia sana. Nikampikia vizuri kupita siku zote, ndivyo ninavyokasirika.

Agosti 4
Jumapili ya gwaride. Mitaa yote ya mji ilipita kwa mavazi ya kale, ngoma, farasi, wanawake wakitokwa jasho ndani ya mahameli. Nilisimama na Haein mbele ya duka la Quinto kinyozi. Bendera ya mtaa wetu ilipita, imeshikwa na jamaa mmoja mnene aliyekuwa akihema.

"Ingemfaa Emidio," nikasema. Sijui neno hilo lilitoka wapi. "Ana mabega ya bendera."

Quinto akacheka. "Shubiri? Jina lake lililetwa kwenye kikao cha mtaa, awe mshika bendera, miaka kumi na tano iliyopita. Wazee wakasema, tutampaje bendera ya mtaa mtu aliyemwibia dada yake wa damu? Na mwaka uliofuata vilevile. Baadaye akaacha kuja vikaoni." Akanigusa bega. "Tulikuwa upande wako, Bi Nazzarena."

Emidio alikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya watu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa anaitazama bendera. Ilipopita, akageuka akaenda nyumbani.

Miaka yote nilidhani nimempa jina la utani tu.

Agosti 5
Siku ya Mtakatifu Emidio, mlinzi wa mji wetu dhidi ya tetemeko, na jina la mdogo wangu. Mji wote ulinuka mrehani, kila mtu na chungu chake kanisani kubarikiwa. Nikabeba vyungu viwili. Kimoja nikakiweka mbele ya mlango wake. Nikainua mkono nibishe. Nikasikia nyayo ndani, nikashuka ngazi mbio kama mwizi wa kuku, mimi na magoti haya.

Haein alikuwa chini ya ngazi, kaona yote. "Tumbo tena?" akauliza.

Agosti 8
Leo nimekwenda.

Nilibisha saa nne asubuhi. "Nani?" akauliza ndani. "Posta," nikasema, maana jina langu lilikataa kutoka.

Akafungua. Emidio amezeeka. Nimempita ngazini kila siku, na leo ndiyo nimeona: nywele zimekwisha, nyusi zimekuwa za baba.

"Nena," akasema. Hakuna aliyebaki duniani anayeniita hivyo.

"Sikuja kukaa," nikasema, nikakaa. Maboksi kila mahali. Juu yangu ile miguu, mikubwa, michafu kidogo, na vidole vyake sita. Nikatandaza mchoro juu ya boksi, nikausema wote kwa pumzi moja nisije nikakimbia. Mimi tatu na sabini na moja, wewe tatu na arobaini na tisa. Nimekuita mwizi mbele ya mji mzima miaka kumi na tisa, na shubiri ninayo mimi. Nimekunyang'anya bendera. Nisamehe, Emidio.

Hakuutazama hata mchoro. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Vipimo. Unadhani nani aliusogeza ule uzi?"

"Si nilikuona!" nikasema.

"Kabati la mama," akasema. "Wewe ulirithi kabati. Kutoka dirishani mpaka kwenye uzi nafasi yake ilipungua nusu shubiri. Ungelikata au ungelitupa. Wewe hukupima, Nena, wewe hupimi kitu, wewe hupiga kelele. Mwashi akaenda kula, nikasogeza uzi upande wangu. Nilitaka nikuambie jioni. Lakini mwashi aliporudi, kabla hata hajavua kofia, ulishanitukana mbele yake, mbele ya mke wangu, na dirishani kwa wapita njia."

"Si ungesema!"

"Nilikasirika. Mwezi wa kwanza nilingoja uje kuomba radhi. Mwaka wa kwanza nikaona aibu kusema. Baada ya hapo ningesemaje? Dada, samahani, nilikupa zawadi?"

Nililia. Nilikumbuka jinsi lile kabati lilivyoingia pale kama lilizaliwa pale, na jinsi nilivyolisifu, nikisema Mungu ameniona. Nililia kwa sauti, Emidio akatafuta leso katika maboksi matatu akakosa, akanipa soksi safi. Halafu nikamkasirikia, maana na mimi nina haki yangu: miaka kumi na tisa ameniacha nitende dhambi kila siku, na angeweza kuniokoa kwa neno moja! Tukagombana vizuri, kama zamani, mpaka Haein akabisha ukutani.

"Basi usiuze," nikamwambia mwishoni.

Akatikisa kichwa. "Nimeshatoa neno. Na hapa nibaki na nani? Kuna watoto wa shule wanaoniita Shubiri bila kujua maana yake. Loredana ana chumba kwa ajili yangu."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mama alilisema kila siku, na kila siku alikuwa ananitazama mimi.

Agosti 10
Nimeanza kazi ya kurudisha. Nilikwenda kwa Quinto kwanza, nikamweleza yote, uzi, kabati, sentimita. Akanisikiliza wembe mkononi.

"Una moyo mzuri, Bi Nazzarena," akasema. "Damu nzito kuliko maji. Lakini sisi tunajua alikuibia."

"Hakuniibia! Mimi ndiye…"

"Mtakatifu wewe," akasema Quinto, na mteja chini ya povu akaitikia.

Agosti 12
Nimewaambia watu tisa. Wote wamenisifu. Kadiri ninavyomtetea, ndivyo anavyozidi kuwa mwizi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga kwa ndoo, miaka yote, kutoka dirisha la serikali.

Agosti 15
Sikukuu ya Bikira. Mji mzima uko baharini, hata njiwa. Nilitaka kuendelea kutubu, sikupata wa kumtubia. Emidio amekula kwetu mchana. Haein kakaanga zeituni mwenyewe. Emidio akaonja, akafikiri, akasema zimepungua chumvi. Nilimrushia kitambaa cha meza.

Agosti 19
135 kwa 80. Ajabu.

Emidio amefunga maboksi yote yaliyobaki. Haein anafanya mazoezi ya hotuba yake mbele ya kioo, nami namsahihisha. Anasema kuba, pembe, uzani, kwa ulimi safi kuliko diwani wetu. Nilimwambia amsemee Emidio mbele ya watu. Akakataa. "Mimi nitasema kuhusu dari. Watu watasema kuhusu watu."

Agosti 27
Leo ilikuwa siku ya wanafunzi uani kwa shule. Viti sitini, vyote vimejaa, maana watu wamerudi kutoka baharini na hawana la kufanya. Quinto mstari wa mbele. Emidio alisimama nyuma kabisa karibu na kisima, kaletwa na Haein kwa nguvu.

Haein akabandika mchoro ubaoni. Watu wakaguna. Wazee wengi walikuwa wameiona sebule ile nzima, siku za baba, harusi za zamani, na sasa mwanamke wao yule amelala tena bila kukatwa. Haein akaeleza polepole, hakukosea neno: kuba, mlango, mchoraji aliyemsogeza mwanamke kwa ajili ya macho ya mgeni. Mwisho akasoma vipimo viwili, tatu sabini na moja, tatu arobaini na tisa, akasema asante, akainama.

Watu wakaanza kufanya hesabu. Nikamsikia Quinto: "Kwa hiyo Shubiri aliiba sehemu gani?"

Nikasimama juu ya kiti. Miaka sabini, presha, juu ya kiti cha plastiki.

"Hakuiba!" nikasema. "Nimewaambia kwa upole mkanisifu, sasa sikilizeni kwa sauti yangu ya posta. Nilimwona anasogeza uzi, ni kweli. Alikuwa ananipa! Alinipa nafasi ya kabati la mama, na mimi nikamlipa kwa matusi miaka kumi na tisa. Mwenye shubiri ni mimi. Mkitaka kumwita mtu Shubiri, niiteni mimi, na bendera mliyomnyima, mliinyima kwa sababu ya mdomo huu!"

Kiti kikayumba, mwalimu Ruggero akanidaka. Quinto, mdaku yule, akaanza kucheka, wakacheka wote, kicheko cha mji mzima, kirefu, na mtu akapiga kelele: "Bi Shubiri, shuka utavunjika!"

Wameanza kuniita hivyo leo leo. Mwokaji kaniita Bi Shubiri mara mbili nikinunua mkate. Nimekubali. Njiani watu walikuwa wanampa Emidio mkono, mmoja mmoja. Yeye alikuwa anatazama viatu, masikio mekundu.

Agosti 28
Haein anaondoka kesho kutwa. Amepata alama za juu, na mwalimu ameomba mchoro ubaki shuleni, yeye akasema una mwenyewe, akaurudisha mezani kwetu.

Jioni nilikwenda kwa Emidio. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema moja. "Usiende."

"Kesho saa nne nina miadi, Nena. Neno ni neno."

Nikarudi upande wangu. Sikupima presha.

Agosti 29
Saa tatu na nusu nilimsikia akishuka ngazi na viatu vyake vya kanisani. Sikwenda dirishani. Nikachemsha maji ya tambi, nikazima, nikachemsha tena. Haein aliosha sahani safi.

Saa saba kasoro mlango wangu ukafunguliwa bila kubishwa. Emidio, koti begani, mchoro wa Haein umekunjwa chini ya kwapa.

"Umetia saini?" nikauliza.

"Haiwezekani." Akavuta kiti akakaa. "Wakili alisoma hati: tatu na sitini. Nikamwambia, samahani, bwana wakili, mimi ni mtu mwaminifu, mji mzima unajua tangu juzi. Ukuta hauko hapo. Nikamtandazia mchoro. Akapauka. Kama karatasi na nyumba havilingani, hawezi kuuza hata kigae. Lazima mpima majengo aje, achore upya, ofisi ya ramani ithibitishe, manispaa itoe kibali, halafu hati ya mgawanyo irekebishwe na dada yangu atie saini. Yule wa Bologna alipiga meza, akasema anakwenda kununua mahali pengine, akaondoka."

Haein alikuwa ameacha kuosha. "Nani alikupa mchoro wangu?" akauliza.

"Nimeuchukua mezani kwenu leo alfajiri mkiwa mmelala, mwanangu. Nisamehe. Huo ndio wizi wangu wa kwanza."

Nilishika meza. Nilitaka kumbusu na kumpiga kwa pamoja. Nikamuuliza marekebisho hayo yote yatachukua muda gani.

Emidio akafikiri, akajimiminia mvinyo. "Tukiharakisha, miaka miwili. Tukienda kama tunavyokwenda sisi, hatutayaona yakiisha."

"Haraka ya nini?" nikasema, nikampakulia tambi.